AC ya Gari la Primus

Uru, Jumapili

Mdogo wangu Zita,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaituma; marahaba. Nakusalimu kutoka huku juu kwenye ukungu. Mbu wa Mabogini wamekuachia damu kidogo? Mpunga umeshatoa masuke? Hapa ng'ombe mzima, migomba mizima, mbovu ni mimi tu, ingawa ulimi bado unafanya kazi.

Habari za moyo wangu unazo. Daktari wa Moshi amesema mlango wake mmoja haufungi vizuri, lazima nikapasuliwe Dar es Salaam. Akanichorea kwenye karatasi watakapoanzia kukata na watakapoishia. Zita, ni vile vile tunavyomfungua mbuzi wa Krismasi, ila mbuzi hachorewi. Akasema nikichelewa hadi masika, moyo utasimama bila kupiga hodi. Nikamwuliza, na nikienda? Akasema Mungu yupo. Jasho likanitoka pale pale. Daktari akimtaja Mungu, jua na yeye anaogopa.

Mwanangu Primus akaja na gari kunichukua, pamoja na mkewe Goodness. Ndege nilishaikataa. Kwa kuwa daktari alionya nisipigwe na joto njiani, Primus akasema hatuondoki bila AC. Asubuhi ya safari akabonyeza swichi: kimya. Hata kitaa chake hakikuwaka.

Akaitwa fundi Yakobo kutoka Pasua. Akapima gesi, akasema ipo. Akatazama kompresa, haishiki. Akafungua kisanduku cha fyuzi, akakuta moja imeungua. Akaweka mpya, baridi ikatoka kama ya Kibo. Tukashangilia, mimi kuliko wote. Kesho yake fyuzi imeungua tena. Yakobo akasema kuna shoti imejificha mahali, gari linaweza hata kuwaka moto. Akang'oa dashibodi nzima, nyaya zikamwagika kama utumbo, asione kitu. Akaweka fyuzi nyingine. Kulipokucha, yale yale. Primus akakaa kwenye ngazi ya jikoni akashika kichwa, akasema baba atakufa kwa ajili ya kiplastiki kisichozidi punje ya hindi. Nikaenda kujificha zizini.

Zita, hapakuwa na shoti. Shoti ni mimi. Unakumbuka niliendesha lori la kahawa la ushirika. Vyuma hivi vinanijua. Kila alfajiri kabla ya kukamua nilichomoa fyuzi nzima nikachomeka mbovu, ninazozificha kwenye kopo langu la ugoro, mahali ambapo hakuna mkamwana anayethubutu kugusa. Naogopa, mdogo wangu. Nilitaka asubuhi moja zaidi ya kuiona migomba, halafu moja tena.

Kilichoniumbua ni chafya. Jana Yakobo alimpa Goodness ashike fyuzi iliyoungua. Akapiga chafya, akainusa, akanitazama, akaifunga kwenye kona ya kanga yake. Leo baada ya misa akanifuata zizini peke yake, akapiga magoti, akanipa kwa mikono miwili jani la isale lililofungwa fundo, alilolichuma pale alipozikwa baba yetu. Ndani ya fundo, fyuzi ile ile, inanuka ugoro. Akasema haniombi nisiogope, ananiomba nipande gari tu, na kwamba Primus hatajua. Nikamtania kuwa isale ni ya kuombea msamaha, na mkosaji hapa ni mimi. Akajibu kwamba anaomba msamaha mapema, kwa kunipeleka nisikotaka.

Nikalipokea. Nawe wajua, isale hairudishwi, hata na aliyeuliwa ndugu. Fyuzi nzima nimezirudisha.

Yakobo ameshafunga dashibodi, tunaondoka Jumanne. Tutakupitia Mabogini kwanza. Kiti cha nyuma, pembeni yangu, ni chako. Mpunga waachie ndege siku chache, na wao wana watoto. Njoo na sweta, AC ni kali. Na ukiona natetemeka, mwambie Primus ni baridi.

Msalimie shemeji.

Ni mimi kaka yako,
Wenseslaus