Nilivyomjibia Dada Mwanatabu

Bofu, Likoni
18 Agosti 1996

Kwa kaka yangu mpenzi Matano,

Shikamoo kaka, na salaam aleikum wewe na wenzako wote mnaolala chumba kimoja huko Maskati. Natumai barua hii itakukuta mzima, na lile jino ulilolilalamikia limeshang'olewa, huli tena upande mmoja kama mbuzi mzee. Sisi huku tunapumua, alhamdulillahi. Mvua za mwaka zilichelewa kisha zikaja zote kwa pamoja, paa la jikoni likavuja, tukaliezeka upya. Jirani yetu Mwanasaumu anakusalimu sana na anauliza kama huko Uarabuni hakuna duka la kanga, maana ahadi yako ina miaka miwili sasa.

Barua yako ya mwezi wa sita niliipata. Umeandika kwamba picha ya Idd niliyokutumia umewaonyesha wenzako wote, ukawaambia huyu ndiye dada yangu Mwanatabu aliyefiwa na mwanawe, tazameni alivyonawiri, mashallah, msiba umemtoka. Ukamalizia kwa kuniombea Mungu anilipe kwa kumtunza. Kaka, barua hiyo niliisoma mara moja tu nikaikunja, na tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta jinsi ya kukujibu. Nimeanza mara tatu nikachana. Leo nitaandika mpaka mwisho, nawe nivumilie.

Dada hajanawiri. Dada ni mgonjwa.

Ruwa alipofariki, miaka mitatu iliyopita, wewe ulikuwa umeshaondoka, na habari ulizipata kwa mkono wangu: kwamba mtoto alitumbukia kisimani uani kwetu, na kudra ya Mungu haina mjadala. Sikukuandikia kwamba dada alikaa siku kumi na mbili bila kutia kitu kinywani ila maji. Wajua desturi yetu, mfiwa hapiki, huletewa. Na si kuletewa tu, hukaliwa kitako mpaka ale, kwa maana akikataa chakula watu husema amemkatalia Mungu. Wanawake wa Bofu walikuja na masinia yao, wakamsihi, wakamkaripia, wakashindwa. Mimi ndiye niliyeweza. Nilimkalisha, nikamtilia tonge mdomoni kama mtoto, nikamwambia kula dada, kwa ajili yangu. Akala. Vigelegele havikupigwa kwa kuwa nyumba ilikuwa ya matanga, lakini wote walishusha pumzi, wakasema Mwanarusi amemrudisha nduguye.

Tangu siku hiyo hakuacha kula, wala mimi sikuacha kumpikia. Mahamri na mbaazi asubuhi, wali wa nazi mchana, na jioni hiki na kile. Mwaka haujatimia mumewe akampa talaka akahamia Ukunda, na dada akazidi kula. Buibui lake nimelipanulia ubavuni mara mbili. Watu wakipita barazani humwambia amependeza, naye hutabasamu, kisha akiingia ndani hukaa kitandani akitazama ukuta, na sahani i mapajani. Hapendezwi na chakula, kaka. Nimemtazama sana. Hula kama mtu anayefukia shimo.

Basi mwaka jana mwezi wa tisa alikuja daktari hapa Bofu, mwanamke wa bara kutoka chuo kikuu, jina lake Nafula. Alikuwa akichunguza msiba na mwili: mtu aliyefiwa, au aliyepatwa na jambo la kutisha, akili yake huwaje, usingizi wake huwaje, na mbona wengine hukonda na wengine wakanenepa mpaka kutembea kukawa kazi. Alituambia si kila mnene ni mgonjwa, wala si kila mgonjwa ni mnene. Alichotaka kujua ni nani kati yetu anayekula kwa sababu uchungu wake hana pa kuupeleka. Mwanasaumu alimtazama, maana Daktari Nafula ni mwembamba kama ufito, akasema huyu anachunguza unene na yeye mwenyewe hana hata wa kuazima. Tulicheka sana siku hiyo.

Alitaka makarani wa kumsaidia, nami kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne na Chidigo chetu nakijua, akanichukua pamoja na binti mmoja wa Changamwe aitwaye Jael. Tulipanga meza kwenye baraza ya madrasa, na mizani ya kukanyaga tukaiweka juu ya ubao ili isiyumbe. Ungewaona wanawake wa kwetu! Daktari alidhani wataona haya kupimwa. Kumbe walipanga foleni, na kila mwenye kilo nyingi akashuka kwa maringo akimtangazia mwenzake. Mwanasaumu alipata themanini na moja, akadai mizani imempunja, akarudi kesho yake amekula vizuri. Daktari alikuwa akiandika huku akijiuma mdomo asicheke. Lakini baada ya mizani kulikuwa na maswali, na kwenye maswali hakuna aliyecheka. Unalala? Unapoamka wajisikiaje? Nani uliyempoteza, na kwa njia gani? Je, umewahi kutamani usiwepo duniani? Wanawake niliowajua tangu utoto walilia mbele yangu kwa mambo ambayo sikujua kama waliyabeba.

Wale ambao majibu yao yalimtia daktari wasiwasi, aliwaandika kwenye orodha ya peke yake. Hao walipangiwa kwenda kliniki kule Port Reitz kila Jumatano, kwa gari alilolitafuta yeye, wakazungumze na mtu wa magonjwa ya akili, na wenye sukari na presha watibiwe papo hapo. Walitimia kumi na tisa. Mmoja ni yule mama wa pale msikitini aliyekuwa haongei na mtu tangu mwanawe alipouawa. Siku hizi anauza bajia, na ukikosea chenji anakupigia kelele mpaka ukome.

Dada Mwanatabu alikataa kuja kwa muda wa wiki tatu. Mwisho akakubali kwa sharti kwamba mimi ndiye nitakayekaa naye. Sheria ya daktari ilikuwa karani asimhoji ndugu yake, lakini Jael hajui Chidigo, na dada alisema bila mimi atarudi nyumbani. Daktari akakubali, ila akasema yeye mwenyewe atakaa pale asikilize. Dada akapanda mizani, ikasoma mia na kumi na nane, akashuka akivuta buibui lake. Maswali ya kwanza aliyajibu kwa Kiswahili, vizuri tu. Alipoulizwa ni nani aliyempoteza, akaacha Kiswahili akaanza kusema kwa Chidigo, kile cha ndani alichokuwa akisema na marehemu mama, na daktari akanigeukia mimi nimfasirie.

Kaka, dada alisema kwa muda mrefu. Alisema yeye ndiye aliyemwua mwanawe. Alisema asubuhi ile alichota maji kisimani na hakurudisha mfuniko, hakuweka jiwe juu yake kama desturi ya ua wetu ilivyo, kwamba mchotaji wa mwisho ndiye mfunikaji. Alisema amejaribu kukumbuka mkono wake ukiweka lile jiwe, wakati mwengine huuona, lakini mtoto alikutwa ndani, basi mkono huo ni uongo. Alisema chakula ndicho kinachomnyamazisha, kikiisha tumboni sauti inarudi. Alisema kama kisima kisingefukiwa angekuwa amemfuata Ruwa zamani, na kila siku anamwomba Mungu amchukue. Alikuwa akilia bila sauti, machozi yakimdondokea kifuani.

Mimi nikamwambia daktari: anasema mtoto wake alifariki kwa ajali, na ameshamwachia Mungu.

Daktari alinitazama. Hakujua Chidigo, lakini hakuwa mjinga, na maneno ya dada yalikuwa mengi na yangu yalikuwa machache. Akaniuliza kama ni hayo tu. Nikasema ni hayo tu. Akaniambia nimuulize kama amewahi kutamani kufa. Nikamuuliza dada kama amechoka, akaitikia kwa kichwa. Nikamwambia daktari kwamba hapana, anatikisa hivyo kwa sababu amechoka anataka kwenda nyumbani. Na kwenye karatasi nikaandika kwa mkono wangu huu unaoandika sasa: Hapana.

Hakutiwa kwenye orodha.

Nilijiambia nimefanya vile kwa heshima ya ukoo. Kwamba ikisikika amekwenda kliniki ya vichaa, watu watasema nyumba yetu ina wazimu, na binti zako wakiposwa yatatajwa. Hayo nilijiambia, na kwa miezi kadhaa niliyaamini.

Mwezi wa pili daktari alimaliza kazi yake akarudi kwao na makaratasi yote. Mwezi wa tano dada akaanguka chooni, akabebwa na wanaume wanne. Ana sukari, ana presha, na mguu wa kushoto una kidonda kisichofunga. Sasa husali amekaa kwenye kiti. Hospitalini tulipokewa vizuri, wakaniambia dawa peke yake haitamfaa ikiwa mwenyewe hataki kuishi, nimlete azungumze na wataalamu. Dada amekataa katakata. Anasema haumwi, anaadhibiwa, na adhabu haina daktari. Dawa anazificha chini ya mkeka. Nilimwandikia Daktari Nafula barua mbili, nikamweleza kwamba karatasi ile ina uongo. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilirudi, imeandikwa juu kwamba amekwenda ng'ambo kwa masomo.

Sasa nifike pale ninapopakimbia.

Asubuhi ya siku ile dada alichota maji mapema, akafunika, akaweka jiwe. Nilimwona kwa macho yangu. Kisha akaingia ndani kumwogesha Ruwa. Mimi nilikuwa jikoni na mchele wa watu wa maulidi, maji ya kuoshea yakanipungukia, nikatoka na ndoo ndogo. Niliondoa jiwe, nikaondoa mfuniko, nikachota. Nikasikia sufuria inafurika jikoni, moto unazimika. Nikakimbia. Nilijiambia nitarudi kufunika sasa hivi. Sikurudi, kaka. Nilipika chungu cha kwanza, nikapika cha pili, nikaimba na wenzangu. Mchana alipotafutwa mtoto ndipo nilipokumbuka, na kabla sijafika uani nilisikia ukelele.

Walipouliza ni nani aliyechota mwisho, dada akajipiga kifua akasema ni mimi, ni mimi. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake na mikono yangu ina unga wa mchele. Nikasema moyoni nitamwambia mtoto akishazikwa. Akazikwa. Nikasema nitamwambia arobaini ikipita. Ikapita, naye alikuwa ameanza kula, na kila sahani niliyompelekea nilihisi nimelipunguza jambo kidogo. Watu wakanisifu, nawe ukanisifu. Ndiyo maana sikumfasiria kwa daktari. Niliogopa kwamba daktari akiyasikia atauliza, na akiuliza ataniuliza na mimi.

Ijumaa iliyopita, baada ya kumsafisha kidonda, nilipiga magoti mbele ya kiti chake nikamwambia yote. Jiwe, ndoo, sufuria, yote kama nilivyokuandikia wewe. Nilingoja anipige, anilaani, anifukuze. Nilimtaka anifukuze.

Hakuniamini. Alinishika kichwa kwa mikono miwili akaniambia nimekuwa na moyo mwema tangu utoto, na sasa nimechoka kumwona anaumia, ndiyo maana natunga hadithi nimtue mzigo. Nikaapa wallahi. Akanifunika mdomo, akasema nisimtaje Mungu katika uongo, hata kama ni uongo wa huruma. Nikamwambia nitamwandikia Kaka Matano. Akasema hata kaka akiniandikia kwa wino wa dhahabu nitajua ni wewe umemtuma. Miaka mitatu, akasema, ungekuwa wewe ungeniacha nikae hivi miaka mitatu? Wewe?

Kisha akainua mikono kuniombea dua. Akamwomba Mungu anipe mume na watoto, wakue, wanizike wao, na asinionjeshe kamwe alichomwonjesha yeye, kwa sababu mikono yangu haijamdhuru kiumbe. Aliomba polepole, macho ameyafumba, akangoja. Dua haiachwi hivi hivi ikaning'inia, kaka. Niliitikia amin.

Nisalimie wenzako wa chumbani, na usiwasomee barua hii. Mwanasaumu na watu wote wa Bofu wanakusalimu. Dada naye anakusalimu, anasema usijinyime ukala vibaya kwa ajili yetu. Kama utaona vigumu kunijibu, nitafahamu.

Ni mimi nduguyo,
Mwanarusi