Usitie Machoni Maji ya Chupa Zile

Guangzhou, Jumatano

Mama yangu,

Shikamoo. Kabla ya lolote nakuuliza macho yako: bado yanatoa machozi ukikaa juani? Mimi mzima wa mwili. Moyo ndio unaotetemeka, kwa hiyo nivumilie mwandiko ukipinda.

Nilikwisha kukuandikia habari za Bi Nora, mama wa Kiayalandi anayetufundisha Kiingereza. Alitusimulia kisima cha kijijini kwao. Mwenye macho mabaya hukizunguka mara tatu kufuata jua, huyaosha, kisha hurarua kipande cha nguo yake na kukifunga kwenye mti wa miiba ulio kando. Kitambaa kikioza, ugonjwa huondoka nacho. Na maji yale hayauzwi kabisa. Nikakumbuka kipande cha kanga yako ulichonifungia kisimani kwetu nilipougua macho.

Kosa langu ni kumsimulia bosi tukiwa tunakula. Juzi yakaja maboksi ya chupa tupu. Amezijaza maji kwenye bomba la jikoni, hapa hapa ofisini, mtaa wa Xiaobei. Anataka kuzipakia kontena moja na jinzi anazosafirisha, ziuzwe huko kwetu kama dawa ya macho kutoka Ayalandi. Lebo niandike mimi.

Nikamwambia haya si maji ya kisima. Akacheka. "Msomi, kwani maji yana pasipoti?"

Yangu anayo yeye, Mama, kwenye droo yake. Lakini nilikuona wewe akilini umeinua uso, unajitilia matone. Nikamjibu kwa neno la Kichina wanalotufukuzia wauza vitambaa wa hapa kila siku: "Meiyou." Hakuna.

Akaacha kucheka. "Ijumaa niikute lebo, au urudi kwenu."

"Basi nitarudi, bosi. Siandiki."

Atampata mwingine wa kuandika, najua. Kwa hiyo barua hii usiifiche. Msalimie mjomba Makame, na dukani kwake asipokee hata chupa moja. Msalimie shangazi mkunga, awaambie kina mama wote anaowazalisha kwamba ni maji ya bomba. Wakiuliza nani kasema, nitajeni jina.

Ndani ya bahasha kuna kipande cha shati langu la kazini. Kakifunge kisimani. Macho yangu hayana neno. Hicho ni cha woga, na kioze upesi.

Mwanao,
Haji