Moraa, Sasa Wazazi Wanaweza Kutafuta

Dada yangu Moraa,

Tangu tukuzike Kiogoro, mvua ya mawe imeangusha migomba ya mama yako na migomba imechipua tena. Ofisini kiti chako anakalia Otieno, mwenzetu wa Homa Bay uliyempenda kwa kicheko chake. Mimi sikuweza kukikalia.

Nakuandikia kukushukuru, na kukwambia kwamba lile ulilolitaka limefanyika. Wazazi wanaweza kutafuta.

Unakumbuka walivyolalamika. Mtandao wetu wa wazazi wenye watoto wa kifafa umejaa ushauri, lakini mama akitaka jambo la mwaka jana, alisogeza kidole kwenye simu mpaka moto ukazima jikoni. Seva yetu ni ndogo, haiwezi kupekua maneno yote hayo. Ilibidi tukodi huduma ya kutafutia kwenye mashine nyingine, Nairobi, na kuipelekea maandishi yetu. Hapo ndipo ulipokuwa ukisita. Kuna wanaoandika mambo ambayo hata wakwe zao hawayajui. Mtoto akianguka kifafa kijijini, watu humtazama mama yake na kunong'ona uchawi.

Wewe ulijua. Ulinieleza mara moja tu, tukila ndizi za kuchemsha, kwamba ukiwa mdogo ulifichwa jikoni wageni wakija, na kwamba vidonge vyako vya kila asubuhi havikuwa vya presha. Ukanisukumia sahani. "Kula, Kerubo, zinapoa."

Basi tulikwenda polepole. Ya faragha hayaendi kabisa. Yanaenda ya wazi tu, tena ya yule aliyekubali mwenyewe kutafutwa. Njia tukaifunga kwa usimbaji, aliye katikati asisome kitu. Lakini muunganisho ukagoma. Seva yetu ilisema haikitambui cheti cha mashine ile, yaani haina hakika inazungumza na nani. Tulihangaika hadi Otieno akachoka.

"Kerubo, si tuzime tu huo ukaguzi? Itashika sasa hivi."

Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kibodi, Moraa. Ndipo nikakumbuka ulivyozoea kusema: "Kufunga njia ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumjua anayekupokea kule mwisho." Nikamwambia Otieno hivyo hivyo. Akavuta kiti karibu. "Haya, tukakitafute kinachokosekana."

Tuliweka kwenye seva yetu nakala ya cheti cha aliyeidhinisha ile mashine, tukasahihisha jina tulilokuwa tukiiita, ikakubali. Tukatenga nenosiri lisiloweza lolote zaidi ya kazi hiyo moja. Otieno akaenda saiba ya jirani, kwenye kompyuta za kukodi, ajaribu kuingia kwenye mashine ile bila ruhusa. Alirudi akipiga makofi: "Nimefukuzwa kama mwizi!"

Sabato iliyofuata, mama mmoja wa Gesima, mchuma chai, alikuwa anatoka kanisani mwanawe alipoanguka. Watu wakakimbia kuleta kijiko wampanue meno. Mama hakuwa na hakika, na wote walikuwa wakipiga kelele. Akatoa simu, akatafuta "kijiko". Likaja andiko lako, Moraa. Akawasomea kwa sauti:

"Usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, kaa naye mpaka arudi. Nami hurudi hivyo."

Sikujua kama ulikuwa umeandika hivyo. Wazi, kwa jina lako, na alama ya kukubali kutafutwa uliyoiweka mwenyewe ukiwa hai. Wewe uliyefichwa.

Mzee wa kanisa alivua koti akaliweka chini ya kichwa cha mtoto. Baada ya muda mtoto akafumbua macho, akaomba maji. Jioni mama yake alituandikia: "Mwambieni Moraa mbuya mono, asante sana. Mungu amzidishie siku."

Hakujua kwamba umeshatutoka. Nilisoma mara mbili, Otieno akageukia dirisha. Kesho yake nilimpigia mama huyo nikamweleza, naye akalia kwa simu kama anayekufahamu tangu utotoni. Kisha akasema, "Hata hivyo, mwambie."

Nami nakwambia. Mbuya mono, dada. Kwa yule mtoto, na kwangu mimi uliyenifundisha kazi bila kunikemea.

Pumzika. Nakuahidi kwamba siri zao hazitatoka mikononi mwangu, na siku nitakapomkabidhi mwingine kazi hii, sitamwachia kabla sijajua ni mtu wa namna gani.

Wako,
Kerubo