Jina la Spana Kwenye Kompyuta Yangu

Chumba Na. 6,
Ghorofa ya Pili.
Jumapili, 14 Machi

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini kifua kimeacha kukusumbua, na wifi na watoto wanaendelea vizuri. Mama yangu yupo, ni magoti tu yanayomsumbua, na kila nikienda kumwona anauliza kama huko uliko unakula au unajishikiza na chai. Mimi mwili hauna neno. Ni moyo ulionifanya nishike kalamu badala ya simu.

Najua umeshaambiwa kwamba mdogo wako Spana ameumia kazini. Hujaambiwa aliipataje kazi ile, na nataka usikie kwangu mimi.

Unajua ninavyowatafutia waajiri watu. Siku hizi sizunguki. Naiandikia kompyuta maneno ninayoyataka, tuseme "fundi, mashine ya kukunja mabati, yuko tayari kuanza mara moja", na kila anayeweka wasifu wenye maneno hayo mtandaoni, naletewa arifa yenye jina lake. Nikishaitega mara moja, inanitafutia hata nikiwa nimelala.

Arifa ya kiwanda kimoja cha mabati sikuwahi kuizima. Mafundi wawili walikuwa wameiacha mashine ileile ndani ya mwaka. Wa pili, mzee mpole, nilimpigia kumuuliza sababu.

"Mwanangu, kinga ya mbele wameifungua ili kazi iende haraka," alisema. "Mimi vidole vyangu bado navihitaji."

Kwenye faili niliandika kwamba ameondoka kwa sababu binafsi. Kiwanda kile ni mteja wetu mkubwa.

Wiki iliyofuata arifa ikaleta jina la Spana. Sikujua kwamba alikuwa amepunguzwa kazini. Miezi minne alikuwa akitoka nyumbani kila asubuhi na ovaroli yake ili mkewe asijue. Nilipompigia aliona aibu kwanza. "Dada, usimwambie mtu kwamba niko mtaani." Nikamwambia kazi ipo, aanze Jumatatu. Nikamsikia analia.

Habari ya kinga sikumgusia. Nilijiambia kwamba Spana ni mwangalifu tangu utotoni.

Alifanya kazi siku kumi na tisa. Mkono wa kulia, kaka, madaktari wameukata juu kidogo ya kifundo. Nilipofika hospitali akanishukuru kwa kuja, akaniambia, "Usijilaumu, wewe ulinisaidia tu."

Asubuhi iliyofuata nilikuta arifa tatu, majina matatu mapya. Bosi akasimama nyuma ya kiti changu. "Nichagulie mmoja leo, mashine imesimama." Niliwapigia wote watatu, nikawaeleza habari ya kinga na mkono wa Spana. Wawili wakashukuru. Wa tatu alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Kwa hiyo nafasi bado ipo?"

Nilimwambia haipo. Akaenda mwenyewe hadi getini, na Alhamisi akaanza. Kinga bado haijarudishwa.

Jana nilikwenda nyumbani kwa Spana, nikamwambia kila kitu. Aligeukia ukutani. Mkewe akanifungulia mlango, nikatoka.

Mkaguzi wa usalama kazini ameomba faili letu. Kesho nitampelekea, na maneno ya yule mzee nimeyaandika kama alivyoyasema. Bosi ameshanionya kwamba nisirudi nikifanya hivyo.

Kaka, siombi unitetee. Naomba umpigie Spana mchana, mkewe akiwa kazini, maana hapo huwa peke yake na simu zangu hapokei. Zungumza naye polepole. Simu anaishika kwa kushoto, na bado inamponyoka.

Nisalimie wifi na mapacha wako. Mama anakusalimu, upande wangu wa habari hii hajaujua, na nitamwambia mwenyewe. Mungu akupe afya, na aniwekee hata nafasi ndogo moyoni mwako.

Ni mimi nikupendaye, ingawa safari hii sijui utalipokeaje pendo hilo,

Binti wa Shangazi yako