Gari Linapojifunza Upya

Dada yangu unayecheka kabla mzaha haujaisha,

Huku sisi wazima. Paka amezalia kwenye matairi ya zamani, na shemeji yako amepaka geti la gereji rangi ya kijani, utadhani chura. Mimi bado fundi umeme. Yeye ndiye anayeshika ufunguo wa geti na simu yangu.

Leo nimetengeneza taa za gari la mkunga. Betri ikichomolewa, gari husahau kila kitu: saa, redio, hata vioo havijui vikomee wapi. Nimevipandisha kimoja kimoja mpaka juu, nikashikilia kitufe hadi vikakumbuka. Baada ya hapo injini inaachwa ingurume bila kukanyagwa mafuta, izoee tena.

Dakika kumi zinatosha. Shemeji yako nilimwambia ishirini, na kwamba fundi haruhusiwi kushuka. Umeme wa magari kwake ni giza tupu, akaamini. "Usiguse kitu!" ameniamuru dirishani, kama mtaalamu. Basi nakuandikia juu ya usukani. Barua ataileta mkunga.

Mkono umepona. Usiniulize mbele za watu.

Kesho mkunga atarudi kulalamika kwamba gia zinagonga. Nitamweleza shemeji yako kuwa gia hazijifunzi gari likiwa limesimama. Lazima tuliendeshe barabarani, mimi na mwenye gari. Geti atalifungua mwenyewe.

Mlango wako wa uani usiufunge.

Mdogo wako, fundi