Gasto Yuko Safarini

Hopkins, Minnesota
23 Oktoba 1995

Kaka yangu mpendwa Vedasto,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na mama Alfred na watoto wote, na goti lako liwe limepata nafuu. Sisi huku hatujambo. Koku ameanza kukaa, ingawa bado anaangukia upande kama mgomba uliokosa nguzo. Shemeji yako Faustino anakusalimu sana. Mama naye ni mzima. Alikuja kunilea uzazi akisema hatakaa sana katika nchi isiyo na majirani, sasa anavaa soksi mbilimbili na kujitanda kitenge juu ya koti la Faustino, na kila asubuhi anasimama dirishani akiniuliza nani ni nani. Nimeishi hapa miaka na sijui jina la mtu hata mmoja. Yeye keshajua nani kaachwa na mume na mbwa yule mweupe analala kwa nani.

Barua yako niliipata. Umeandika kwamba ukoo umekaa, na Desemba mnataka kufanya matanga ya Gasto na kuyamaliza, maana ni miaka kumi na sita tangu ndugu yetu aende vitani Uganda asirudi. Umeniomba nimlainishe Mama akubali, na akikataa nimcheleweshe huku mpaka mambo yaishe. Halafu mwisho kabisa ukaongeza kwamba Leah hakumzalia Gasto mtoto, kwa hiyo matanga yakishaanuliwa atarudi kwao Kanyigo, na kibanja cha Gasto, migomba na kahawa yote, atapewa Alfred. Sitakuficha, niliposoma nilikuona una haki. Nilidhani Mama kagoma kwa uchungu tu. Mtu anayemwagiza mkwewe aweke chakula cha mumewe kila Krismasi, chakula ambacho huishia kuliwa na mbuzi, ungemdhania nini kingine?

Basi nikawa nazungukazunguka, sijui niliingie vipi jambo lenyewe. Jumamosi mchana akapita Wambui, rafiki yangu Mkenya anayesoma chuo kikuu. Akasema chuoni kwao wanaonyesha sinema ya wanawake wa Kimaya, wenyeji wa milimani kule Guatemala, na shida wanazopata. Akasema, "Leta cucu, nita-drive mimi, gari iko na heater poa." Cucu ni bibi kwa Kikuyu, ndivyo anavyomwita Mama. Mama sinema anayoijua ni ile ya gari la serikali lililokuja Kamachumu kufundisha kilimo cha kahawa. Akauliza kama na hii ina kahawa. Wambui akasema nadhani iko. Mama akatia mfukoni kahawa yake ya kutafuna, ile uliyomfungia kwa maganda ya mgomba, kwa kuwa haendi ugenini mikono mitupu.

Kaka, ningependa ungekuwepo. Watu wa kwenye picha wanasema lugha yao, chini yanapita maandishi ya Kiingereza, na mimi namnong'oneza Mama kwa Kihaya. Maswali yake hayakwisha. Alitaka kujua kwa nini wanafuma wamepiga magoti, kitambaa kimefungwa mtini upande mmoja na kiunoni kwao upande wa pili. Alitaka kujua mahindi wanayasagia jiwe la namna gani, na nani hubaki na mtoto mama akipanda lori kushuka bondeni kuchuma kahawa ya tajiri. Nikamwonyesha kwamba mtoto anakwenda naye, mgongoni. Mtoto akaanza kukohoa. Kwenye zahanati mhudumu akamsemesha mama yake Kihispania, mama hakukijua, akaambiwa apishe wengine. Hapo Mama akasonya kwa nguvu, bwana wa mbele akageuka.

Kisha askari wakaja wakamchukua mume shambani, na kuanzia hapo picha yote ni ya huyo mke. Kila mtu anamjia akitaka aseme kwamba mumewe kafa. Anakuja shemeji yake, anakuja mkubwa wa kijiji, anakuja karani na wino aweke dole gumba. Yeye anawajibu wote jibu moja, kwamba mume wake ameenda kuuza mahindi na atarudi. Jioni anachukua kofia ya mumewe, anaipangusa vumbi, anaitundika tena. Mimi nililia. Nilimtazama Mama nikidhani naye analia, nikamkuta ametulia, anatafuna kahawa yake na kuangalia kama mtu anayemwona jirani yake dukani.

Taa zilipowashwa wakamkaribisha mama mmoja wa watu hao hao, aitwaye Petrona, anayeishi hapa Minneapolis tangu akimbie kwao. Alisema kwa Kihispania, binti mmoja akatia Kiingereza. Kijana mmoja aliuliza kama ni matumaini au ni imani iliyomfanya yule mke asikubali kwamba mumewe kafa. Lilikuwa swali zuri, na mimi nilikuwa nalo moyoni. Petrona akasema yote mawili yapo. Mara nikaona mkono wa Mama uko juu. Nikataka kuushusha. Wambui akaniambia mwache cucu aulize.

Mama aliuliza kwa Kihaya: mume akishasemwa kafa, shamba linakuwa la nani?

Nililitia Kiingereza, binti akalitia Kihispania, na lilipomfikia Petrona alicheka, cheko la mtu aliyebambwa. Alijibu kwamba linakuwa la yule shemeji, na kwamba kwao alijua wanawake kadhaa waliosema mume kasafiri na wakaachwa walime, kwa sababu hakuna anayetaka kukutwa shambani kwa mtu siku mwenyewe akirudi. Kisha akamtazama Mama akauliza kitu. Kilipita kwa binti, kikanifikia mimi, na ilibidi mimi, kwa mdomo wangu, nimuulize mama yetu: na wa kwako alisafiri lini?

Mama akasema, mwaka wa vita.

Watu walipotawanyika, Mama alimfuata akamfungulia kahawa. Petrona kachuma kahawa tangu utotoni na hajawahi kuona mtu akiitafuna. Alikunja uso, akaimumunya, akauliza ni nani aliyefikiria jambo hilo. Mama akasema ni watu wanaopenda wageni na hawataki kungoja maji yachemke. Walikaa pale wakishikana mikono, wawili wasioelewana neno, mpaka mlinzi akaja na funguo.

Sasa kaka, keti. Jana baada ya misa nilimuuliza Mama ana maana gani. Nilitaka kujua, hata nikasahau ulilonituma. Akaniambia Gasto amekufa, na kwamba anajua. Mwaka uliofuata vita, wewe ukiwa kazini Mwanza na mimi shule ya bweni, alikuja nyumbani askari Mkurya aitwaye Chacha aliyekuwa kikosi kimoja naye. Alisema alimzika mwenyewe, upande wa Masaka, na akaleta mkanda wake. Ni ule mkanda wa kijeshi ambao Mama hujifunga kiunoni akilima, ambao wewe na mimi tulidhani kaununua mnadani.

Mama alimpa Chacha chakula akamsihi asiseme kwa mtu. Kisha akamwita Leah akamwambia kila kitu. Leah alilia kwenye mibuni, kitambaa mdomoni, majirani wasisikie. Alipomaliza alisema kwao amebaki kaka mlevi na mke wake, na hapa ndipo anapolima na ndipo anapopendwa. Ni yeye Leah aliyesema kwanza: Mama, tuseme Gasto yuko safarini. Na chakula cha Krismasi kilikuwa cha macho yetu sisi.

Nilimwambia Mama nikikuandikia haya nitakuwa nimekupa kisu mkononi. Shahidi yupo, anaishi Tarime, humhitaji tena Mama wala mtu yeyote. Akaniambia niandike. Alisema wewe pia amekuzaa. Alisema amechoka kumficha mtoto wake, na anatamani kabla hajafa akae chini kwenye majani amlie Gasto kwa sauti kama wanawake wengine. Lakini hawezi kumlia kwa kumfukuza Leah. Kibanja kikiandikwa jina la Leah, mbele ya ukoo na mashahidi, kiwe chake hadi afe, Mama atasimama mwenyewe atoe habari ya msiba. Kisipoandikwa, Gasto bado hajarudi. Mimi niko upande wao, kaka, na nakwambia wazi usije ukanihesabu upande wako. Ila ninakupenda, na naogopa jibu lako.

Sitamchelewesha. Tumebadilisha tiketi, atafika mwishoni mwa Novemba, maana anasema msimu wa kukaanga senene hautamngoja.

Msalimu mama Alfred na watoto. Alfred mwambie shangazi anamkumbuka, na hana kosa lolote. Wifi yangu Leah mpe salamu za pekee. Petrona alimpa Mama utepe aliofuma mwenyewe, naye anampelekea Leah; ameufunga kwenye mkoba wake na hataki uguswe. Koku angekusalimu kama angejua kusema.

Mama yuko hapa pembeni yangu, ananiagiza niongeze neno. Anasema Gasto akitangulia kufika kabla yake, Vedasto ndiye amkaribishe.

Ni mimi mdogo wako,
Brigitha