Baba, Shemeji Yako Bado Anakutania

Baba, mwaka umezunguka tangu ulale kwenye kiti chako baada ya chakula cha mchana na usiamke. Mpaka leo tunajisahau, tunapakua na sahani yako.

Ulikuwa mtafiti wa maabara, na kazi ulikuja nayo nyumbani. Mtoto akichubuka goti, ulimwonyesha kwanza palivyovimba na kuwa pekundu. "Hapo mwili umetoa molekuli za kuita msaada," ulimwambia. "Kidonda kikipona, zinatulia. Kwenye saratani hazitulii. Saratani inazitumia kuhamia kwingine mwilini, tena dawa inakosa nguvu."

Mama alikujibu, "Mfunge mtoto kidonda kwanza."

Ulipiga mluzi ukiosha vyombo, wimbo mmoja tu, nao mwisho wake hukuujua.

Kisha mama mdogo, mdogo wake Mama, akaugua. Saratani ya titi ilikuwa imefika kwenye ini, na dawa aliyokuwa akitundikiwa haikufua dafu tena. Hospitali ikamwingiza kwenye majaribio mliyoyaandaa wewe na wenzako wa maabara: dawa ileile, pamoja na nyingine ya kuzizima zile molekuli.

"Shemeji, siwezi kukuahidi kitu," ulimwambia.

"Nani kakuomba ahadi? Tangu umuoe dada yangu umeahidi mangapi?"

Ulijitoa kwenye kusoma majibu yake, asije mtu akasema umempendelea. Ukasubiri kwenye korido pamoja nasi, ukifungua na kufunga vifungo vya koti lako jeupe. Daktari alipotoka na kusema madoa kwenye ini yamenywea, uliviacha vifungo. Ulikaa sakafuni ukacheka mpaka machozi yakakutoka.

Mama mdogo akakushika mkono. "Simama bwana, watadhani mgonjwa ni wewe."

Si wagonjwa wote waliopata nafuu, na hukuficha. Ulikwenda kwenye misiba yao, ukakaa na ndugu zao, kisha ukarudi maabara kutafuta kwa nini.

Unakumbukwa na mkeo, sisi wanao, wajukuu, wenzako wa maabara, na shemeji yako, aliyetukataza kuandika tangazo la kilio. Anasema juzi alicheza harusini mpaka kiatu kikamvuka, na anajua ungejisifu kwamba ni dawa yako.

Ni kweli, Baba. Tutakukumbuka daima, huku tukicheka.